Sheria ya Jicho Angani

Katika mwaka 1919, vita vikuu vya kwanza vilipokwisha na mataifa yalipokutana Paris kuandika mapatano juu ya usafiri wa anga, waandishi wa mapatano yale hawakuwa na mfano wa kuutazama isipokuwa bahari. Na kwa kuwa mabaharia walikwisha kuafikiana tangu zamani jinsi vyombo vinavyopishana, sheria za majini zilipandishwa angani karibu kama zilivyokuwa. Taa nyekundu ikawekwa bawa la kushoto na ya kijani bawa la kulia, kama zilivyo ubavuni mwa meli. Ndege mbili zikikabiliana uso kwa uso, kila moja igeuke kuliani kwake. Njia zao zikikatana, yule amwonaye mwenziwe upande wake wa kulia ndiye ampishe. Na kama vile merikebu ya moshi ilivyopaswa kulipisha jahazi la tanga, ndege yenye mashine iliamriwa kulipisha puto, ambalo halina uwezo wa kujichagulia njia. Chini ya sheria hizi zote palikuwa na sheria moja iliyozibeba, nayo haikuhitaji wino mwingi: kila rubani na atazame, na akiona aepuke.

Miaka mitatu haikutimia kabla sheria hiyo haijatiwa mizanini. Tarehe 7 Aprili 1922, katika ukungu juu ya nchi ya Picardie, kaskazini mwa Ufaransa, ndege ya Kiingereza iliyotoka Croydon kwenda Paris ilikutana na ndege ya Kifaransa iliyotoka Paris kwenda Croydon, zote mbili zikiifuata barabara moja ya ardhini ili zisipotee, na watu saba wakafa. Makampuni ya njia ile yalikusanyika Croydon, yakakubaliana kwamba tangu siku hiyo kila mmoja ashike upande wake wa kulia, njia za angani zijulikane waziwazi, na ndege za abiria ziwe na redio. Msomaji na aliangalie shauri hilo kwa makini, maana tabia yake itarudi mara nyingi katika habari hizi: maafa kwanza, mkutano baadaye, na kanuni mpya inayozaliwa daima ikiwa imechelewa kwa siku moja.

Kwa muda mrefu baada ya hapo jicho lilitosha, au lilielekea kutosha. Ndege za abiria zilikuwa chache na hazikuwa na mbio nyingi. Viwanja vilikuwa majani matupu ambapo mwenye ndege ndogo na mwenye ndege kubwa walitua ubavu kwa ubavu. Na mwongozaji wa kwanza wa ndege nchini Marekani, Archie League, alisimama mwaka 1929 katika kiwanja cha St. Louis akiwa na bendera zake mbili, moja ya kuruhusu na moja ya kuzuia, na mwavuli wa kumkinga jua. Mnara wenye redio ulisimamishwa Cleveland mwaka 1930, na kituo cha kwanza cha kuzifuatilia ndege zilizo njiani kilifunguliwa Newark mwezi wa Desemba 1935, si na serikali bali na makampuni yenyewe, yaliyoogopa kugongana katika mawingu. Serikali ilikitwaa mwaka uliofuata. Lakini uangalizi huo ulikuwa wa ndege zilizosafiri kwa vyombo, yaani kwa kufuata mitambo ya ndani badala ya macho, katika hali mbaya ya hewa. Hewa ilipokuwa safi, kila mmoja aliachiwa macho yake.

Hapa yafaa tusimame kidogo tulitazame hilo jicho lenyewe, kwa sababu hukumu nyingi zilizotolewa juu ya marubani waliokufa zimesahau jinsi lilivyoumbwa. Sehemu ya jicho inayoona kwa ukali ni ndogo mno, kiasi cha digrii moja au mbili tu. Sehemu nyingine zote huona kwa kubahatisha, nazo hushtuliwa na mwendo kuliko umbo. Sasa manahodha walijua tangu kale kwamba chombo kinachosogea mbele au nyuma katika upeo wa macho kitapita salama, ilhali kile kinachobaki mahali pamoja kikizidi kukua ndicho kitakachokugonga. Na hivyo ndivyo ilivyo angani, kwamba ndege iliyo katika njia ya kukupiga haisogei kiooni mwako hata kidogo, bali hukaa kama doa la uchafu, ikikua polepole mno mpaka sekunde za mwisho, ambapo hufura ghafula. Wataalamu wa Marekani hukadiria kuwa tangu rubani anapokiona kitu mpaka ndege yake inapoanza kugeuka hupita sekunde 12 na nusu. Na ndege mbili zinazokaribiana kwa jumla ya maili 300 kwa saa huila maili moja kwa sekunde 12. Basi mwanadamu aliyewekewa sheria hiyo alikuwa amedaiwa deni ambalo hakuumbiwa mali ya kulilipa.

Maafa ya Grand Canyon ya tarehe 30 Juni 1956, yaliyoua watu 128 katika ndege mbili kubwa za abiria zilizogongana, hayakuhusu ndege ndogo wala hayakutokea karibu na kiwanja, lakini ndiyo yaliyoleta sheria ya mwaka 1958 na idara mpya ya serikali ya Marekani ya kusimamia anga yote. Mwaka huohuo jeti za abiria za Kimarekani zilianza kazi. Baada ya ndege mbili kugongana juu ya New York mwezi wa Desemba 1960, mwendo ulianza kuwekewa mipaka, na hatimaye ikawa amri kwamba chini ya futi 10,000 isizidi ndege yoyote maili 250 za baharini kwa saa. Na amri hiyo, ijapokuwa ilisaidia, bado iliiacha jeti ikienda zaidi ya mara mbili ya mwendo wa ndege ya mwanafunzi iliyo mbele yake. Kuziweka hizo mbili katika mlango mmoja wa kiwanja ni sawa na kuipitisha meli ya abiria katika mlango wa bandari uliojaa ngalawa usiku, kila mvuvi akiambiwa ajihadhari.

Katika muda wa miaka miwili na nusu jeti tatu za abiria za Marekani ziligongana na ndege ndogo zilipokuwa zikishuka au kupanda karibu na viwanja: moja Urbana, jimbo la Ohio, mwezi wa Machi 1967, ya pili Hendersonville, North Carolina, mwezi wa Julai mwaka uleule, walipokufa watu 82, na ya tatu Fairland, Indiana, tarehe 9 Septemba 1969, ambapo mwanafunzi aliyekuwa peke yake katika ndege yake aina ya Piper alikufa pamoja na watu 82 wa jeti iliyokuwa ikiteremka kutoka mawinguni. Katika ajali hii ya tatu hapakuwa na mtu wa kulaumiwa kwa uzembe wa macho, kwa maana jeti ilitoka winguni na kumkuta kijana yule akiruka mahali alipokuwa na haki kamili ya kuruka. Na rada za siku zile hazikuionyesha ndege ndogo kwa uhakika.

Ndipo mwaka 1970 serikali ilipoanza kuikata anga iliyo juu ya viwanja vikubwa na kuiwekea mlango, ikianza na Atlanta, Chicago na Washington. Umbo la anga hiyo lilikuwa la maduara yaliyopandana, duara la ndani likigusa ardhi na maduara ya nje yakianzia juu zaidi kadiri yanavyokwenda mbali, ili jeti ipate kuteremka ndani yake kutoka mbali bila kutoka, na ndege ndogo ipate kupita chini ya kingo zake bila kuingia. Aliyetaka kuingia ilimpasa aombe ruhusa kwa redio, apewe, na abebe transponda, chombo kinachoijibu rada ya ardhini, ambacho asili yake ni vita vya pili, kilipotumiwa kumtambua rafiki asipigwe kwa kudhaniwa adui.

Wenye ndege ndogo hawakufurahi, wala siwashangai. Wao ndio waliokuwa wenyeji. Viwanja vingi vilivyogeuka vikubwa vilianza kwa ndege za aina yao, na chama chao, kilichoundwa mwaka 1939, kililalamika kwamba kinanyang'anywa anga ya watu wote ili kuyapa makampuni. Malalamiko yao yalikuwa na insafu ndani yake. Walakini yalikuwa na upofu pia, kwa sababu hayakutaka kukiri kwamba uhuru wa mmoja kupita bila kusema neno ulitegemea macho ya mwingine yasiyoweza kumwona.

San Diego, mwaka 1978, haukuwa na anga ya namna hiyo. Kiwanja chake, Lindbergh Field, kilichofunguliwa mwaka 1928, kimekaa kando ya mji, na njia yake ya kurukia ilikuwa ndiyo iliyofungwa vyombo vya kumwelekeza rubani asiyeona ardhi, hata marubani wa viwanja vidogo vya jirani wakaja hapo kujizoeza. Asubuhi ya tarehe 25 Septemba, jua likiwa kali na anga safi, ndege ndogo aina ya Cessna 172 ilikuwa imekwisha kufanya zoezi lake na inapanda kuelekea kaskazini mashariki ikiwa na watu wawili, mwalimu na rubani anayejifunza kuruka kwa vyombo. Na nyuma yake, juu kidogo, Boeing 727 ya kampuni ya PSA iliyotoka Sacramento kwa njia ya Los Angeles ilikuwa ikielekea mashariki ili igeuke kutua. Waongozaji waliwaambia marubani wa jeti habari za ile ndogo, nao wakajibu kuwa wameiona. Kwa jibu hilo dhamana ilihama. Tangu hapo haikuwa tena kazi ya mtu aliye na rada kuwatenganisha, bali kazi ya macho ya wale waliosema wameona.

Wakaipoteza. Cessna ilikuwa chini yao na mbele yao, ikienda karibu upande uleule, ndogo, haisogei kiooni, na nyuma yake zimetandazwa paa za nyumba za rangi zote. Tena ilikuwa imeacha mwelekeo iliopewa, ikageukia mbele ya jeti. Chumbani mwa marubani waliulizana kama wameipita, wakakubaliana kwamba pengine imepita, na neno walilompelekea mwongozaji juu ya hilo yeye alilisikia kama uthibitisho kuwa bado wanaiona. Katika kituo cha rada, mtambo wa kutahadharisha ulilia sekunde 19 kabla ya kugongana. Lakini mtambo ule ulikuwa na desturi ya kulia mara nyingi bila sababu, na marubani walikwisha kusema wameiona, kwa hiyo hakuna aliyewaambia. Saa tatu na dakika moja asubuhi, kwa kimo cha futi 2,600, jeti iliishukia ile ndogo kutoka nyuma. Walikufa watu 144: wote 135 wa jeti, wawili wa Cessna, na saba waliokuwa nyumbani au njiani katika mtaa wa North Park.

Wachunguzi wa serikali waliwahukumu kwanza marubani wa jeti, kwa kuwa walipoteza walichoahidi kukitazama na hawakusema waziwazi kwamba wamekipoteza. Kisha wakaongeza lawama juu ya utaratibu uliowaruhusu waongozaji kutegemea macho ilhali rada ilikuwa na uwezo wa kuwatenganisha. Mimi naona lawama ya pili ndiyo iliyostahili kutangulia. Mtu akikuuliza kama unaona, na nyuma yako kuna ndege nyingine zinazongoja zamu, ulimi huwa mwepesi kuliko jicho. Na mwongozaji naye hupenda kuuliza hivyo, kwa sababu ndege zinazotenganishwa na macho huweza kukaribiana kuliko zinazotenganishwa na rada, na kiwanja kikapokea nyingi zaidi kwa saa. Hiyo ndiyo siri ya maisha marefu ya sheria hii. Haikudumu kwa kuwa ni salama, bali kwa kuwa ni rahisi.

San Diego ikapata anga yake ya ruhusa mwaka 1980. Lakini serikali ilipopendekeza kuyaongeza maeneo ya namna hiyo nchi nzima, upinzani ulikuwa mkubwa, na sehemu kubwa ya shauri lile ikaachwa.

Mlango peke yake, hata hivyo, haumzuii asiyejua kwamba ameupita. Jumapili ya tarehe 31 Agosti 1986, Piper iliyotoka Torrance kwenda Big Bear, ikiwa na watu watatu, iliingia katika anga ya ruhusa ya Los Angeles bila ya kuomba, na kwa kimo cha futi 6,500 hivi ikaigonga mkiani DC-9 ya Aeroméxico iliyokuwa ikitoka Tijuana. Piper ilikuwa na transponda, lakini si ya namna inayotaja kimo, kwa hiyo hata doa lake lilipokuwa katika kioo cha rada halikusema kama liko chini ya kingo au ndani yake. Na mwongozaji alikuwa ameshughulishwa dakika zilezile na ndege ndogo nyingine, nayo vilevile imeingia bila idhini. Jeti iliziangukia nyumba za Cerritos. Walikufa 64 wa jeti, watatu wa Piper, na 15 waliokuwa chini. Kiwiliwili cha Piper kiliangukia uwanja wa shule ya watoto, ambayo kwa kuwa ni Jumapili haikuwa na mtu.

Safari hii Baraza la Congress halikungoja. Kwa sheria ya mwezi wa Desemba 1987 iliamriwa kwamba kila ndege ya abiria yenye viti zaidi ya 30 ifungwe mtambo wa kujiepusha na kugongana, na mwaka 1989 ikaongezwa amri kwamba ndani ya maili 30 za baharini kuzunguka viwanja vikubwa kila ndege, isipokuwa chache zilizosamehewa, ibebe transponda inayotaja kimo. Amri mbili hizi ni pacha, na mtu asiyelijua hilo hawezi kuona werevu wake. Mtambo wa jeti hauoni. Huuliza, na transponda ya ndege nyingine hujibu. Kisha huhesabu si umbali bali muda uliobaki kabla ya kukutana, kwa njia ambayo John S. Morrell wa kampuni ya Bendix aliieleza tangu mwaka 1956. Na muda ukipungua humwambia rubani kwa sauti apande au ashuke. Ndege ndogo isiyotaja kimo haiwezi kuepukwa kwa amri hiyo, maana mtambo haujui ipande jeti au ishuke. Kwa hiyo usalama wa abiria 100 wa jeti ulifungwa katika kijisanduku alichokinunua kwa fedha yake mtu aliyeruka Jumapili kwa kujifurahisha.

Si kila suluhu ilikuwa ya kufunga milango. Juu ya kiwanja cha Los Angeles chenyewe, ambapo mtu angetarajia ndege ndogo zifukuzwe mbali, imewekwa njia ya wazi inayokatiza juu yake: waendao kusini mashariki hushika futi 3,500, waendao kaskazini magharibi futi 4,500, na jeti huteremka na kupanda chini yao, kwa sababu mahali salama zaidi karibu na kiwanja kikubwa aghalabu ni juu yake hasa, palipo mbali na njia za kuingilia na kutokea. Napenda sana ubunifu huo.

Kuna hatari nyingine ambayo haihitaji mgongano. Kila jeti huacha nyuma ya mabawa yake chamchela mbili zilizolala, zisizoonekana, zinazozama polepole na kuchukuliwa na upepo, zenye nguvu ya kuibinua ndege ndogo kichwa chini. Tarehe 30 Mei 1972, karibu na Fort Worth, hata DC-9 iliyokuwa ikitua nyuma ya DC-10 ilibinuliwa na watu wanne wakafa. Na kwa kanuni za kimataifa ndege nyepesi inayotua nyuma ya ndege nzito huachiwa maili sita za baharini. Mwalimu mwema humfundisha mwanafunzi abaki juu ya njia ya ile kubwa na aguse ardhi mbele ya pale ilipogusa.

Nairobi inayajua mambo haya kwa namna yake. Mwaka 1929 Bi Florence Kerr Wilson alianzisha kampuni ya ndege katika mji ule, na kiwanja cha ndege ndogo cha hapo tangu 1962 kinaitwa Wilson. Na Embakasi, kilichofunguliwa mwaka 1958 kwa ajili ya ndege kubwa, kikaja kukaa upande wa mashariki, umbali wa kilomita kumi na mbili hivi. Ndogo ndiyo iliyotangulia. Wilson hurusha madaktari wa AMREF, watalii wa Maasai Mara, na wanafunzi wa urubani, kwa kimo cha futi zaidi ya 5,000 juu ya bahari, ambapo hewa nyembamba huzifanya ndege nyepesi zipande kwa taabu na kukawia chini. Tarehe 5 Machi 2024, Dash 8 yenye watu 44, ambayo si jeti lakini kwa mwanafunzi ni jitu, iliondoka Wilson kwenda Diani ikagongana na Cessna 172 ya mafunzo juu ya Mbuga ya Taifa ya Nairobi. Dash 8 ilirudi salama. Wawili waliokuwa katika Cessna walikufa.

Hazikutimia siku 365 kabla ya maafa ya Washington. Usiku wa tarehe 29 Januari 2025 helikopta ya jeshi na jeti ya abiria ziligongana juu ya mto Potomac, kwa kimo cha futi 300 hivi, wakafa watu 67. Mtambo wa jeti hautoi amri ya kupanda au kushuka karibu hivyo na ardhi, kwa kuwa chini ya futi 1,000 amri hizo hunyamazishwa zisimtishe rubani anayetua. Mwongozaji alikuwa ameiuliza helikopta kama inaiona jeti. Ikajibu kwamba inaiona, ikaomba ruhusa ya kujitenga kwa macho, ikapewa. Wachunguzi walipoipima ramani waliona kuwa mahali pengine njia ya helikopta na njia ya jeti ziteremkazo kwenye njia ya kurukia ya 33 zilitenganishwa kwa futi 75 tu, na mwezi wa Machi sehemu ile ya njia ya helikopta ikafungwa.